Shajara ya mradi: kuoanisha venetoklaksi na gilteritinibu dhidi ya lukemia kali yenye FLT3-ITD

Hali ya sasa

Koo nne za seli (seli za lukemia zinazokuzwa maabarani) zimekamilika. Sampuli za wagonjwa zinaendelea, na azasitidini, dawa ya tibakemikali, imeanza kuongezwa kama dawa ya tatu. Shajara hii ni kwa anayetaka kurudia kazi kama hii katika maabara yake, ndiyo maana makosa yameandikwa kwa kirefu kuliko mafanikio.

Swali la mradi

Karibu theluthi moja ya watu wazima wenye lukemia kali ya mieloidi (saratani ya damu) wana kasoro kwenye jeni ya FLT3. Iliyo ya kawaida zaidi, na inayorudisha ugonjwa mara nyingi, ni ITD: kipande cha jeni hujirudia ndani ya jeni yenyewe, na kipokezi cha FLT3 hubaki kimewaka bila kungoja ishara ya nje. Katika jaribio la ADMIRAL lililohusisha wagonjwa 371 ambao ugonjwa wao ulirudi au haukusikia tibakemikali, nusu ya waliopewa gilteritinibu, dawa inayoizima FLT3, waliishi zaidi ya miezi 9.3, dhidi ya miezi 5.6 kwa waliopewa tibakemikali. Ni hatua kubwa, lakini miezi tisa haitoshi.

Sababu ya kuongeza venetoklaksi iko ndani ya seli. Dawa hiyo huziba BCL-2, protini inayoizuia seli isijiue. Seli yenye FLT3-ITD, BCL-2 ikizibwa, huegemea MCL-1, ndugu wa BCL-2 ambaye venetoklaksi haimgusi. Ishara za FLT3 ndizo zinazosaidia kuiweka MCL-1 juu. Ukiizima FLT3, MCL-1 hushuka, na seli hukosa pa kuegemea.

Kwamba dawa hizi mbili zinasaidiana, hilo limeshaonekana kwa wagonjwa. Jaribio la awamu ya kwanza lililochapishwa mwaka 2022 lilikuwa na watu 61, 56 kati yao wakiwa na kasoro ya FLT3. Katika hao 56, asilimia 75 uboho wao ulisafishika blasti (seli changa za lukemia), hata kama chembe za damu hazikurudi zote. Lakini asilimia 80 ya wote walipata upungufu mkali wa chembe za damu. Kwa hiyo mradi huu hauulizi kama dawa zinashirikiana. Unauliza kwa dozi ipi, kwa mpangilio upi, blasti zipi hubaki hai, na uboho wa kawaida unalipa kiasi gani.

Wiki ya 1: koo za seli

Zimechaguliwa MOLM-13 na MV4-11 (zote zina FLT3-ITD na mpasuko wa jeni ya KMT2A), OCI-AML3 (haina ITD, ina kasoro za NPM1, DNMT3A na NRAS), na THP-1 (ya aina ya monositi, yenye kasoro za NRAS na TP53). Mbili za mwisho zimo kwa makusudi. Jozi ya dawa inayoua kila ukoo kwa kiwango kilekile haiui kwa njia ya FLT3. Inaua kwa sumu tu.

Kila ukoo umepimwa mikoplazma (bakteria wanaochafua seli) na kulinganishwa alama za vinasaba kabla ya kugandishwa. Seli hazitumiki baada ya kuhamishwa mara 20. Uhai kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa) lazima uwe asilimia 90 au zaidi siku ya kupanda, na seli ziwe katika kasi ya kukua: mililita moja isizidi seli milioni 1.5, la sivyo huanza kulala na dawa zote huonekana dhaifu.

Mtego wa wiki hii ulikuwa seramu. OCI-AML3 kwa kawaida hukuzwa kwenye kimiminika chenye seramu asilimia 20, wenzake asilimia 10. Zaidi ya asilimia 99 ya venetoklaksi hujishika kwenye protini za plazma. Ukizijaribu koo kila moja katika seramu yake, OCI-AML3 itaonekana sugu kuliko ilivyo, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya dawa imefungwa nje ya seli. Koo zote zimezoeshwa kimiminika cha RPMI 1640 chenye seramu asilimia 10 kwa wiki mbili kabla ya kipimo chochote kuhesabiwa.

Wiki ya 2: dawa

Akiba zote ni milimola 10 ndani ya DMSO, kiyeyushio cha dawa. Venetoklaksi ina uzito wa molekuli 868.4, hivyo miligramu 10 huyeyushwa kwa mililita 1.15. Gilteritinibu ni 552.7, hivyo miligramu 5 huingia mililita 0.905. Kila akiba imegawanywa kwenye tyubu za maikrolita 20, nyuzi −80, na kila tyubu huyeyushwa mara tatu tu. DMSO hunyonya maji hewani kila kifuniko kinapofunguliwa, na baada ya kufunguliwa mara nyingi ukolezi ulioandikwa kwenye tyubu si ule uliomo.

Azasitidini ni kesi ya peke yake. Ikishaingia kwenye maji huanza kuvunjika, na kwenye joto la inkubeta huvunjika haraka zaidi. Tyubu zake ni za matumizi ya mara moja, na dawa huongezwa upya kila siku. Anayeiweka siku ya kwanza na kusoma siku ya nne amepima dozi ya siku ya kwanza peke yake.

Dozi zimechaguliwa kwa kuangalia damu ya mgonjwa. Kwa miligramu 400 za venetoklaksi, kilele kwenye plazma ni kama maikrogramu 2.1 kwa mililita, yaani maikromola 2.4. Ondoa asilimia 99 iliyofungwa, na inayobaki huru haifiki nanomola 24. Kwa miligramu 120 za gilteritinibu, kilele ni nanogramu 374 kwa mililita, kama maikromola 0.68, asilimia 94 imefungwa, hivyo iliyo huru ni kama nanomola 40. Jozi inayong'ara kwa maikromola 5 za kila dawa haina maana kwa mgonjwa yeyote, na matokeo ya namna hiyo tumekataa kuyahesabu.

MOLM-13 na MV4-11: kila dawa 0, 1, 3, 10, 30 na 100 nM (nanomola). OCI-AML3 na THP-1: gilteritinibu vilevile, venetoklaksi 0, 30, 100, 300, 1000 na 3000 nM. Ngazi za juu hapo ni za kuonyesha usugu, si za kudai tiba.

Wiki ya 3: sahani

Sahani nyeupe ya vishimo 96, na vishimo 60 vya ndani pekee ndivyo vinavyotumika. Vya pembeni vyote 36 vimejazwa maikrolita 200 za maji safi ili kupunguza ukaukaji. Mwanzoni jedwali la dozi 6 × 6 lilichukua safu wima ya 2 hadi ya 7. Vishimo 24 vinavyobaki: 12 vya kiyeyushio peke yake, 6 vya kifo kamili (botezomibu maikromola 1), na 6 vya kimiminika bila seli.

Kila kishimo kinabeba maikrolita 100: 25 za dawa ya kwanza kwa ukolezi mara 4, 25 za dawa ya pili kwa ukolezi mara 4, na 50 za seli kwa ukolezi mara 2. Dawa hutangulia, seli hufuata. Seli ni 200,000 kwa mililita, yaani 10,000 kwa kishimo. Vishimo 54 vinahitaji mililita 2.7, lakini tengeneza 3.5 kwa sahani.

Ngazi za dozi hupunguzwa ndani ya DMSO, si ndani ya kimiminika cha kukuzia. Venetoklaksi haipendi maji. Ukiipunguza ngazi baada ya ngazi ndani ya maji hujishika kwenye plastiki, na ngazi za chini zinabaki na dawa pungufu bila mtu kujua. Andaa mfululizo wa DMSO wenye ukolezi mara 2000, kisha maikrolita 2 za kila ngazi ziingie kwenye maikrolita 998 za kimiminika. Hapo umepata ukolezi mara 4 wenye DMSO asilimia 0.2. Kila dawa inachangia 0.05 kwenye kishimo, jumla 0.1. Vishimo vya dawa moja hupewa maikrolita 25 za kimiminika chenye DMSO asilimia 0.2 mahali pa dawa ya pili, na vya kiyeyushio hupewa 50. Hili likisahaulika, vishimo vya jozi vinabeba DMSO mara mbili ya vya dawa moja, na sehemu ya "ushirikiano" utakaouona ni kiyeyushio. Badili ncha ya pipeti kila ngazi. Ncha ileile kutoka juu kwenda chini huburuta dawa mpaka ngazi ya mwisho.

Baada ya kupanda, sahani hukaa mezani dakika 20 kabla ya kuingia inkubeta, seli zitulie sawasawa. Saa 72, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kusoma: kitendanishi cha ATP (nishati ya seli hai) kinachotoa mwanga, kikiwa kimefikia joto la chumba, sahani nayo nje ya inkubeta dakika 30, ongeza ujazo ulio sawa, tikisa dakika 2, ngoja 10, soma.

Wiki ya 4: sahani zilizotupwa

Kila sahani hupimwa kwa Z′: moja, toa mara tatu ya jumla ya mitawanyiko miwili (kiyeyushio na kifo kamili) iliyogawanywa kwa tofauti ya wastani zao. Chini ya 0.5, sahani inatupwa hata kama matokeo yake yanapendeza.

Sahani kadhaa za mwanzo hazikufika. Vishimo vya kiyeyushio vilisoma chini upande mmoja, juu upande mwingine, kwa mteremko uliojirudia kwenye kila sahani. Sababu ilikuwa sahani kubebanishwa tano-tano ndani ya inkubeta: za katikati huchelewa kupata joto, seli hukusanyika ukutani mwa kishimo. Sasa ni sahani moja kwa rafu, ndani ya boksi lenye karatasi iliyoloweshwa, na tatizo limekwisha. Kosa jingine lilikuwa vishimo vya kiyeyushio vyote kuwekwa upande mmoja. Mteremko ukiwepo, upande huo unakuwa kipimo cha kila kitu. Sasa vimetawanywa pande zote.

Chora ramani ya rangi ya mwanga ghafi kabla ya kugusa hesabu yoyote. Programu ya ushirikiano itakupa namba nzuri hata kwa sahani iliyogeuzwa kichwa chini wakati wa kusoma.

Wiki ya 5 na 6: hesabu ya ushirikiano

Hapa ndipo kazi nyingi za kuoanisha dawa hupotea, kwa hiyo tunakaa hapa kwa muda.

Kipimo cha Bliss, cha mwaka 1939, kinasema hivi: ikiwa dawa ya kwanza inaua asilimia 40 na ya pili 30, na kila moja inafanya kazi bila kujali nyingine, pamoja zinategemewa kuua 58 (40 na 30, toa 12 ambazo zingeuawa mara mbili). Ukiona 80, ziada ni pointi 22. Ni rahisi, na ni halali pale mkunjo wa kila dawa unapopanda polepole.

Mkunjo wa venetoklaksi kwenye MOLM-13 haupandi polepole. Chukua hesabu hii ya mfano: dozi 10 inaua asilimia 10, dozi 20 inaua asilimia 60. Sasa ioanishe dawa na yenyewe, 10 na 10. Bliss inategemea 19, wewe unaona 60, na programu inatangaza ushirikiano mkubwa kati ya venetoklaksi na venetoklaksi. Dawa haiwezi kushirikiana na nafsi yake.

Kwa sababu hiyo kila kundi la sahani lina sahani moja ya uongo: tyubu mbili za venetoklaksi, moja ikiitwa A na nyingine B, jedwali lilelile la 6 × 6. Ziada ya Bliss inayotoka hapo ndiyo sakafu. Jozi halisi lazima iipite sakafu hiyo, si sifuri. Kipimo cha Loewe, kinachouliza kama jozi inashinda dawa moja iliyoongezwa dozi, kwa sahani ya uongo kinapaswa kutoa karibu sifuri. Kisipotoa, ngazi za dozi zimetengenezwa vibaya, rudi kwenye pipeti. Tunaripoti Bliss, Loewe na ZIP (kipimo cha tatu cha ushirikiano) pamoja, na jozi inakubaliwa ikiwa vyote vitatu vinaelekea upande mmoja ndani ya dozi zinazofikika kwenye damu.

Matokeo: kwenye MOLM-13 na MV4-11 jozi imepita sakafu kwa vipimo vyote vitatu, na eneo la ushirikiano limekaa katikati ya jedwali, gilteritinibu 3 hadi 30 nM. Pembe ya juu ya jedwali haisemi lolote, kwa kuwa dawa moja peke yake imeshaua karibu kila kitu na hakuna nafasi ya nyingine kuonyesha kazi yake. Kwenye OCI-AML3 na THP-1 hakuna ushirikiano chini ya 100 nM za gilteritinibu. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa kwa seli zisizotegemea FLT3.

ATP ina udhaifu wake. Gilteritinibu kwanza husimamisha ukuaji, kisha huua. Kishimo chenye nusu ya mwanga huenda nusu ya seli zake zimekufa, au seli zote ni hai ila hazikuzaana. MOLM-13 huchukua karibu saa 50 kuongezeka maradufu, hivyo ndani ya saa 72 tofauti hiyo ni kubwa. Sahani moja ya ziada husomwa saa sifuri, na dozi tano muhimu hurudiwa kwa Aneksini V (alama ya seli inayokufa) kwenye saitometa (mashine inayosoma seli moja moja). Jozi inayosimamisha tu haitamsaidia mgonjwa siku dawa itakapopumzishwa.

Jambo la pembeni, lakini linatugusa. Palmer na Sorger walionyesha mwaka 2017 kwamba faida ya michanganyiko mingi hospitalini inaelezeka bila ushirikiano wowote: mgonjwa mmoja husaidiwa na dawa ya kwanza, mwingine na ya pili. Jozi isiyo na ushirikiano kwenye sahani bado inaweza kuwa jozi nzuri kwa watu. Tunapima ushirikiano kwa sababu unatusaidia kupunguza dozi, na dozi ndiyo inayoumiza uboho.

Wiki ya 7: je, ni MCL-1 kweli?

Seli milioni 2 kwa kila hali, saa 6 na saa 24, protini maikrogramu 25 kwa kila mstari wa bloti (kipimo cha protini kwa kingamwili). Kingamwili: FLT3, pamoja na STAT5 na ERK zinazobeba ishara zake, zote zenye fosfeti (yaani zilizowashwa), kisha MCL-1, BCL-2, na BIM, protini inayosukuma seli kufa.

MCL-1 ina maisha mafupi, huvunjwa na kutengenezwa upya muda wote. Seli ziingie kwenye barafu mara tu zinapotoka inkubeta. Ukizisokota kwa joto la chumba na kuziosha taratibu, kiwango kitashuka hata kwa zisizo na dawa.

Mtego mkubwa zaidi ni kaspasi, vimeng'enya vinavyoikata seli inayojiua. Seli inayokufa hukata MCL-1 yake yenyewe. Ukiona MCL-1 imeshuka saa 24 baada ya jozi, huenda unaona matokeo ya kifo na si chanzo chake. Kila hali imerudiwa ikiwa na Q-VD-OPh maikromola 20, kizuizi cha kaspasi, kilichowekwa dakika 30 kabla ya dawa. Pamoja na kizuizi hicho MCL-1 bado ilishuka saa 6 kwa gilteritinibu, sambamba na kuzimika kwa STAT5. Hilo linatosha kusema kushuka kunatangulia kifo.

Kwa wanaolinganisha na vizuizi vya MCL-1 kama S63845: kwenye bloti MCL-1 itapanda, kwa sababu dawa hiyo inaishika protini na kuichelewesha kuvunjwa. Usiandike "usugu". Protini ipo lakini imefungwa.

Wiki ya 8 hadi 11: sampuli za wagonjwa

Ridhaa ya maandishi na kibali cha kamati ya maadili vinatangulia sampuli. Bila namba ya kibali tyubu haipokelewi. Uboho au damu kwenye heparini, joto la chumba, uchakatwe ndani ya saa 24. Changanya kwa kiasi sawa na maji ya chumvi yenye bafa, laza mililita 30 juu ya mililita 15 za Ficoll (kimiminika kizito kinachotenganisha seli), sokota kwa 400 g dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Breki ikiachwa, tabaka linavurugika na blasti zinashuka na chembe nyekundu.

Zilizogandishwa: yeyusha hadi kipande kidogo cha barafu kibaki, ongeza kimiminika cha uvuguvugu tone kwa tone pamoja na DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, kwa sababu DNA ya seli zilizopasuka hugeuka utelezi na kuzinasa zilizo hai. Ziache saa 3, hesabu tena. Uhai chini ya asilimia 70, sampuli haitumiki.

Blasti za mgonjwa hazipendi kuishi nje ya mwili. Kwenye RPMI tupu hufa zenyewe ndani ya siku chache, na dawa yoyote huonekana hodari. Ukizipa maji yaliyotoka kwa seli za kihimili za HS-5, zinaishi, lakini maji hayohayo huzikinga dhidi ya venetoklaksi. Hakuna chaguo lisilo na upendeleo. Kila sampuli inapimwa kwenye hali mbili, saitokini (protini za kuchochea ukuaji) peke yake na HS-5 asilimia 25, na jozi inayofanya kazi kwenye hali zote mbili ndiyo tunayoiamini. Kuna ya tatu, ligandi ya FLT3 (protini inayokiwasha kipokezi hicho) ikiongezwa, kwa kuwa hupanda kwenye plazma ya mgonjwa baada ya tibakemikali na kudhoofisha vizuizi vya FLT3. Sampuli ikiwa ndogo, hali hii ya tatu ndiyo tunayoiacha, kwa masikitiko.

ATP haifai hapa. Sampuli yenye blasti asilimia 40 na limfositi zilizobaki itatoa mwanga wa wote, na limfositi B hufa kirahisi kwa venetoklaksi. Utaandika "imeitikia" wakati blasti zimekaa salama. Kusoma ni kwa saitometa baada ya saa 48, seli 50,000 kwa kishimo: alama za uso wa seli CD45, CD34, CD117, CD33, CD14, CD3, CD19, Aneksini V na 7-AAD (rangi ya seli zilizokufa), pamoja na shanga za kuhesabia. Asilimia ya waliokufa haitoshi bila hesabu kamili, kwani seli zilizosambaratika hazionekani kabisa na asilimia hubaki nzuri.

Kinachojirudia: kundi la CD14, lililoelekea umonositi, hubaki baada ya venetoklaksi hata pale kundi la CD34 la mgonjwa huyohuyo limeisha. Linaegemea MCL-1 zaidi kuliko BCL-2. Gilteritinibu hulishusha pale tu kundi hilo lenyewe lina ITD, na si kila mara linayo. Ndiyo maana sasa makundi mawili yanatenganishwa na kusomwa jeni kila moja kivyake.

Uboho wa kawaida

Seli za CD34 kutoka damu ya kitovu, 500 kwa sahani ndogo ya methiliselulosi, dozi zilezile za jozi, siku 14, kuhesabu makoloni mekundu na meupe. Hiki ndicho kipimo kinachochelewesha mradi, na ndicho tusichokubali kukiruka. Dozi inayoua blasti zote na makoloni yote pia haijafaulu. Kwa sasa dirisha lipo, lakini ni jembamba: linafunga venetoklaksi inapobaki kwa siku zote 14, na linafunguka zaidi ikiondolewa baada ya siku 7 huku gilteritinibu ikiendelea. Hospitalini pia madaktari hufupisha siku za venetoklaksi wanapoiunganisha na kizuizi cha FLT3, kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ya 12 na 13: azasitidini na mpangilio

Venetoklaksi na azasitidini ndiyo jozi yenye ushahidi mzito zaidi kwa wasioweza tibakemikali kali. Katika VIALE-A, lililochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha watu 431, nusu waliishi zaidi ya miezi 14.7 dhidi ya 9.6 kwa azasitidini peke yake. Kuiongeza gilteritinibu juu yake ni wazo linaloeleweka.

Jedwali kamili la dawa tatu ni vishimo 216, sampuli ya mgonjwa haitoshi. Tumebaki na jedwali la 4 × 4 la jozi ya kwanza, kwa viwango vitatu vya azasitidini: 0, 300 na 1000 nM, ikiongezwa kila siku kwa siku tatu.

Mpangilio umeleta tofauti kubwa kuliko dozi. Azasitidini huingia kwenye DNA ya seli inayogawanyika. Gilteritinibu ikitangulia kwa saa 24, seli nyingi husimama kabla ya hatua hiyo, na azasitidini hukosa pa kuingia: jozi inakinzana. Azasitidini ikitangulia au zikiingia pamoja, ukinzani hautokei. Si jambo jipya. Katika jaribio la RATIFY midostaurini, kizuizi kingine cha FLT3, ilipangwa kuanza siku ya 8, baada ya tibakemikali kumaliza kazi yake. Maabara nyingi huweka dawa zote kwa wakati mmoja kwa sababu sahani inarahisisha hivyo, na kipimo hicho hakilioni jambo hili kabisa.

Wiki ya 14: kuota upya

Saa 72 hazionyeshi usugu. Chupa za mililita 10, seli milioni 1 kila moja, dawa mpya kila baada ya siku 3 au 4, hesabu mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6. Chupa tano kwa kila hali, kwani chupa moja ikiota upya huwezi kujua ni bahati au ni dawa. Seli zinazorudi zinasomwa jeni: kwa gilteritinibu tunatafuta kasoro mpya za NRAS na KRAS, na F691L, kasoro ya usugu, kwenye FLT3 yenyewe. Chupa za dawa moja zimeanza kuota. Za jozi bado ni angavu, hakuna kilichoota.

Kabla ya kukabidhi dozi kwa wenzetu wa hospitali

Vimeandikwa viwili ambavyo sahani haiwezi kuviona. Posakonazoli, dawa ya fangasi ambayo wagonjwa hawa huihitaji mara kwa mara, huzuia CYP3A, vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, na lebo ya Marekani inashusha venetoklaksi hadi miligramu 70 kwa siku inapotumika pamoja nayo. Gilteritinibu nayo hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo kila ukolezi kwenye jedwali letu lazima usomwe pamoja na orodha ya dawa nyingine za mgonjwa. Pili, gilteritinibu inaweza kuleta homa, maji mapafuni na kuvimba kutokana na blasti kukomaa kwa wingi, jambo ambalo linahitaji steroidi mapema. Kwenye sahani ukomavu huo unaonekana kama CD14 na CD11b zikipanda siku ya tatu, na mara mbili tulikaribia kuuandika kama usugu. CD11b imeongezwa kwenye orodha ya kingamwili kuanzia sampuli inayofuata.

Wiki ya 15: sahani ya uongo ya azasitidini, marudio ya CD34 kwa venetoklaksi ya siku 7, na hesabu ya chupa kila Jumatatu na Alhamisi.